Shemeji alienda kwenye TV kusimulia deni la chama, akarudi akiwa "mke aliyeporwa mume na dadake"

@MkulimaNjoro (mwanzisha uzi)

Wazee, hamjambo. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, atatukuta hapa kesho.

Kuna mtangazaji wa runinga ambaye simtaji, wala stesheni yake siitaji, maana mawakili nawaogopa kuliko mvua ya mawe. Mnaomjua mnamjua. Ni yule wa kipindi cha watu kulia. Mgeni anaketi kwenye kochi, anaulizwa "na moyoni ulikuwa unasikia nini?", kinanda kinaanza polepole, na kabla ya matangazo ya biashara lazima mtu awe ameloa. Sasa mtandaoni anashutumiwa kwamba visa vya wageni wake ni vya kutungwa. Wafuasi wake wanasema ni wivu. Mimi nina kisa kimoja mkononi na sijui nikiweke upande gani.

Mdogo wa mke wangu anauza omena (dagaa) pale soko la Kibuye, Kisumu. Mwaka jana alimdhamini dadake wa kambo kwenye chama chao cha kukopeshana, mkopo wa 40,000. Dada akala pesa, akazima simu. Wenzao wa chama wakaja alfajiri na mkokoteni kwa shemeji: kochi, TV, meko ya gesi, mtungi. Mtungi ulikuwa umejazwa jana yake tu, na hilo la mtungi ndilo limemkaa rohoni mpaka leo. Kochi analitaja kwa kupitia. Mtungi anausimulia.

Rafiki akampa namba ya binti anayetafutia kipindi hicho wageni. Shemeji akapiga akitaka watu wasikie jinsi vyama vinavyovunja nyumba. Nilikuwa nimewatembelea siku hiyo, simu ikawekwa kwa spika, kwa hivyo sisimulii ya kuambiwa.

– Mzee alisema nini vitu vilipobebwa?
– Alikasirika.
– Alimkasirikia dadako ama wewe?
– Mimi.
– Kwa hivyo alimtetea dadako.
– Hapana, aliniambia tu nimekuwa mjinga.
– Na hujawahi kushuku kitu kati yao?
– Nani hajawahi kushuku?

Chama kilifia hapo.

Wakamtumia nauli na 3,000 kwa M-Pesa. Akapanda basi la saa tatu usiku, akafika Nairobi kabla kupambazuke. Alikuwa ameshonesha kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Walipomwona wakasema amevaa kama anaenda harusi. Wakampa leso iliyopauka ajifunge, wakamvua saa, wakamfuta midomo kwa tishu. Akaketi, akasimulia. Alipofika kwa mtungi akalia, kilio cha kweli, na ninamjua, si mtu wa kulia. Jamaa wa kamera akainua mkono: betri imekwisha. "Mama, tutarudia. Anzia pale kwa dadako. Na ukilia, uangalie huku."

Mara ya pili machozi yakagoma. Akaja kijana na kikopo cha dawa ya mafua, ile ya kupaka kifuani, akampaka kidogo chini ya macho.

Hiyo ya pili ndiyo iliyorushwa. Mtungi haumo. Chini ya skrini: DADA YANGU ALINIPORA MUME. Alijitazama kwa jirani, kwa sababu TV yake iko na chama.

Dada aliyezima simu miezi minane akaiwasha usiku huo huo. Si kulipa, kutukana. Mume wa shemeji ni wa boda pale Kondele, wenzake stejini wamempa jina ambalo siliandiki, akahamia kwa rafiki wiki mbili. Jumamosi kulikuwa na matanga Maseno, shemeji akaketi peke yake kwenye benchi la watu sita. Na chama? Wamesema hawarudishi kitu, hayo sasa ni mambo ya nyumbani.

Sasa niambieni, hicho ni kisa cha kutungwa au si cha kutungwa? Hakudanganya neno hata moja. Na mimi ninayejua kilichotokea, nilikitazama mwanzo hadi mwisho nisikitambue.

@Omera_Kondele

Omera, pole. Hapo kwa betri nimecheka halafu nikajilaumu.

Lakini mbona unashangaa? Nina jirani wa ploti huku Nyalenda, kijana wa vichekesho. Mwaka huu pekee amekuwa mlevi aliyeokoka, baba aliyefukuzwa na watoto wake, na mtu aliyeuziwa shamba lenye kaburi. Stesheni mbili tofauti. Akitoka huko anapita hapa kwa duka, tunamwita "Baba Kaburi", anatununulia soda. Analipwa elfu tano.

@MkulimaNjoro

Elfu tano?

@Omera_Kondele

Elfu tano, na chakula cha mchana.

@NyarKibos

Mimi nitasema lile hamtaki kusikia. Huyo shemeji wako ni mtu mzima. Alipiga simu mwenyewe, alipokea pesa, na lazima alitia saini karatasi. Kwani alidhani anaenda kwenye ibada? Kipindi amekitazama miaka yote akiwacheka wengine. Siku yake ilipofika ndipo imekuwa dhuluma.

@MkulimaNjoro

Dada NyarKibos, hapo kwa kuwacheka wengine umenipata, hata mimi nimecheka sana kwenye kochi langu. Karatasi alitia saini, ndiyo. Kurasa nne, Kiingereza, alipewa taa zikiwa zimeshawashwa na mtu wa nywele yuko kichwani. Kusoma anajua. Lakini umewahi kusoma kurasa nne huku unafutwa midomo?

@NyarKibos

Sijawahi. Lakini ningesema hapana kwa hiyo leso.

@MwalimuMstaafu_Kakamega

Wanangu, nimesoma yote, miwani mbili. Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina babu yake.

Mnamo 2001 kijana mmoja wa vidio hapa mjini Kakamega alikuwa anatuonyesha, baina ya filamu za mateke, kanda za Jerry Springer. Shilingi kumi. Wamarekani wanarushiana viti, wanavuana nywele za bandia, mijitu ya usalama inawaachanisha, hadhira inaimba jina la mwenye kipindi. Tulibishana usiku kucha: wanapigana kweli au wanaigiza? Nilipostaafu nikapata wakati wa kumsoma huyo bwana.

Hakuwa mhuni wa mtaani. Alizaliwa London mwaka wa 1944, wazazi wake Wayahudi waliowakimbia Wanazi. Wakahamia New York akiwa mtoto. Akasomea sheria, akaingia baraza la jiji la Cincinnati. Mwaka wa 1974 akajiuzulu kwa aibu ya kumlipa kahaba, tena kwa hundi! Wapiga kura wakamsamehe mwaka uliofuata, na 1977 akawa meya. Baadaye akasoma habari kwenye runinga. Kipindi chake kilianza 1991 kikiwa cha mazungumzo ya heshima tu, siasa na maswala ya jamii, hakuna aliyekitazama. Kilipohamia vurugu ndipo kikapaa, hata mwaka wa 1998 kikampita Oprah Winfrey kwa watazamaji, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyeliweza.

Mwaka huo huo wa 1998 zaidi ya wageni kumi wa zamani walijitokeza kwenye runinga nyingine wakasema waliambiwa la kusema na wakati wa kupigana. Wenye kipindi wakakana. Sasa sikilizeni utamu wake. Mwaka wa 1999 madiwani wa Chicago, ambako kipindi kilikuwa kinarekodiwa, walimwita Springer mbele yao. Swali lao lilikuwa na pembe mbili kama ng'ombe: ikiwa ngumi ni za kweli, mbona polisi walio nje ya zamu unaowalipa kulinda jukwaa hawamkamati mtu? Na ikiwa si za kweli, mbona usiwaambie watu? Bwana yule, wakili na meya wa zamani, alizunguka akazunguka na kikao kikaisha bila jibu la kunyooka.

Shemeji wa mwenye uzi amekalia pembe hizo mbili.

@KijanaWaMilimani

Mwalimu fupisha, bando ni letu.

@MwalimuMstaafu_Kakamega

Wewe ndiye uliyekuwa unakaa nyuma.

Namalizia hilo. Filamu ya hali halisi iliyotoka Netflix Januari 2025, Springer akiwa ameshafariki (Aprili 2023), imewapa waliokuwa watayarishaji nafasi ya kusema wenyewe walivyofanya. Kwa kiasi kikubwa hawakuwa wanawaandikia watu maneno. Walikuwa wanawachemsha. Mgeni anawekwa chumba cha peke yake, mtayarishaji anampandisha hasira hadi anatoka pale akiwa chungu kinachofoka. Hadithi ni yake, moto ni wa wengine.

@HakunaNoma254

Hata kama. Burudani ni burudani. Mieleka ya TV kila mtu anajua imepangwa na bado tunaitazama. Kama ni uongo, nani ameumia?

@MwalimuMstaafu_Kakamega

Mwanangu, wanamieleka wote wawili wanajua mwereka umepangwa. Hapo ndipo mfano wako unapovunjika mguu.

Machi 1995, kipindi cha Jenny Jones, Marekani. Mwanamume anaitwa jukwaani kukutana na mtu anayempenda kwa siri. Aliyetokea ni mwanamume mwenzake. Jamaa akatabasamu mbele ya hadhira. Siku tatu baadaye akaenda na bunduki akamuua. Familia ya marehemu iliwashtaki wenye kipindi ikashinda dola milioni 25 mahakamani mwaka wa 1999, na mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka wa 2002.

Julai 2000, kwa Springer huyo huyo: mwanamke aliyekuwa ameketishwa jukwaani pamoja na mume wake wa zamani na mke mpya aliuawa siku ile ile kipindi kiliporushwa. Aliyehukumiwa ni yule mume.

Uingereza, kipindi cha Jeremy Kyle, kilidumu toka 2005. Hakimu mmoja wa Manchester alikuwa ameshakisema mwaka wa 2007, akikifananisha na ule mchezo wa kale wa kumchokoza dubu aliyefungwa. Mei 2019 mgeni aliyeambiwa kwamba mashine ya kupima uongo imemkamata alipatikana amekufa siku chache baada ya kurekodi. Kipindi hakikurushwa na stesheni ikakifuta kabisa.

Wote hao hawakuwa waigizaji. Baba Kaburi akipigwa kofi jukwaani, anapeleka ankara.

@MamaTamthilia

Mwalimu umemsahau Laura Bozzo wa Peru. Mimi ni mtu wa tamthilia za Kihispania tangu shule, nikaanza kufuatilia na huko zinakotoka. Huyu mama alikuwa malkia wa kugombanisha watu, na shutuma ni hizi hizi: kwamba maskini wa Lima wanalipwa waje wasimulie visa vya kutunga. Halafu akaingizwa kwenye kashfa ya Vladimiro Montesinos, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Rais Fujimori. Mahakama ikaamuru azuiliwe nyumbani mwaka wa 2002. Na alizuiliwa wapi? Ndani ya studio! Alikaa humo miaka mitatu hivi na akaendelea kurekodi kipindi. Baadaye akahamia runinga ya Meksiko.

@Omera_Kondele

Kifungo cha kukaa studio, na kiyoyozi. Mimi nikifungwa nifungiwe hotelini Dunga, samaki wananuka karibu.

@WakiliWaBarazani

Nije kwa vitendo kidogo, kwa sababu Peru ni mbali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, pamoja na habari za familia zisianikwe bila sababu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Idhini iliyopatikana kwa kumficha mtu kitu kinachoenda kufanywa ni idhini ya kubishaniwa, hata kama saini ipo. Na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliunda Tume ya Malalamiko, mwananchi anaandika barua bila wakili. Shemeji aweke ujumbe wa M-Pesa, aweke jumbe za yule binti, aandike tarehe na saa kipindi kiliporushwa. Yale ya betri na dawa ya mafua ayaandike kama alivyokusimulia, asipambe.

Jingine: yule dada wa kambo, mdaiwa, naye ana malalamiko. Hakutia saini popote, na ameitwa mwizi wa mume mbele ya nchi nzima.

@MkulimaNjoro

Wakili, hilo la mwisho hakuna aliyeliwaza hapa nyumbani. Tulikuwa tumeshamweka kwenye kundi la maadui.

@NyarKibos

Ni mwizi wa 40,000 lakini. Tusisahau.

@Pipeline_Nakuru

Nimesoma kimyakimya toka asubuhi. Nilitaka kupita tu, nimeshindwa.

Nilifanya kazi hiyo ya yule binti wa simu. Si kipindi hicho, na si stesheni hiyo. Miaka miwili. Nimetoka zamani, siku hizi nauza nguo hapa Nakuru.

Wageni watano kwa wiki, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu. Jumatatu mnaingia kikaoni, kila mtu anasoma alichopata. Unasema "mama wa Mumias, bei ya miwa imemwangusha, watoto wako nyumbani". Mkubwa anaangalia dari. "Nani amemkosea?" Unasema ni kiwanda hakijalipa. "Kiwanda hakiketi kwenye kochi. Nani amemkosea?" Basi unarudi kwa simu kumtafuta aliyemkosea. Mume hayuko. Mama mkwe? Jirani? Huko kijijini, ukiuliza mara ya tatu, kila mtu ana mama mkwe.

Hakuna aliyewahi kuniambia "tunga". Neno hilo halikutamkwa kamwe katika ofisi ile. Tulisema "noa". Noa kisa. Huyu bado butu, mnoe.

Wale wa kuigiza tulikuwa nao pia, mnafikiri mchezo. Tuliwaita "spea". Mgeni wa kweli akighairi usiku, mtu mwenye mama mgonjwa au mume amejua, unapigia spea. Nitawaambia kitu: wiki ya spea ndiyo niliyolala. Spea hakupigii simu baada ya wiki mbili akilia akikuomba "toeni hiyo video". Hawa wengine walipiga. Namba yangu ya kazi ilikuwa inajaa. Tuliambiwa tukishamrusha mtu, tusimshike tena simu, kuna wageni wapya wa kutafuta.

Mzee wa Njoro, sikuombi chochote. Ila ile "nani hajawahi kushuku?" niliposoma, nilijua tayari kabla sijafika kwa mstari ule. Mimi nimeliuliza swali hilo labda mara mia. Linajibiwa hivyo hivyo.

@KijanaWaMilimani

Wueh.

@HakunaNoma254

Dada, na mkubwa wenu, mwenye kipindi, alikuwa anajua?

@Pipeline_Nakuru

Anapewa karatasi dakika kumi kabla, mistari sita. Alijua asichouliza. Mgeni akikwama anamshika mkono, na ule mkono, mniamini, alikuwa anaushika kwa moyo. Nimemwona akilia matangazo yakiwa hewani, wakati hakuna anayetazama. Kisha anaingia mwingine.

@MwalimuMstaafu_Kakamega

Springer naye kila siku alifunga kipindi kwa neno la busara, akiwaambia watu wajitunze na watunzane. Nilikuwa nikilichukia neno lile kuliko viti vinavyoruka. Leo dada wa Pipeline umenifanya niwaze kwamba huenda alikuwa analiamini, na sijui kama hilo linamwondolea au linamwongezea.

@NyarKibos

Linamwongezea.

@Omera_Kondele

Nimeenda kumuuliza Baba Kaburi kama amewahi kuketi na mgeni wa kweli. Amesema mara moja, mama fulani wa huku Siaya, yeye akiwa ndiye mume wake! Mume wa kweli alikataa kuja. Mama akamlilia yeye, akamshika shati, akamuuliza "kwa nini ulituacha?" Baba Kaburi anasema aliomba msamaha, na haikuwa kwenye mpango. Amenisimulia akicheka, lakini soda hakununua.

@MkulimaNjoro

Wazee, nawashukuru. Nimempigia shemeji, nikamsomea karibu uzi wote, pamoja na dada NyarKibos. (Amesema kuhusu leso uko sawa.) Barua ya Tume tunaandika Jumapili, mimi na mke wangu, yeye anasimulia. Mume amerudi nyumbani. Hawajazungumza sana lakini jana alimpeleka Kibuye na pikipiki, gunia la omena katikati yao.

Pipeline, nilimsomea na yako. Alinyamaza, nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza kama yule binti wa simu aliyemhoji yeye naye aliacha ile kazi. Nikasema sijui.

Mmoja aliniuliza kwa ujumbe wa faragha kama stesheni iliwahi kumtafuta tena baada ya kumrusha. Ndiyo, mara moja. Aliondoka studio kwa haraka kuwahi basi, kitenge chake kikiwa kwenye mfuko, ile leso yao iliyopauka bado kiunoni. Kesho yake wakampigia mara nne. Wanaitaka leso, ni ya kipindi, kuna mgeni mwingine.

Leso iko Kibuye. Anafunikia omena jua likiwaka.